Nimeandika Maneno ya Uongo Kwenye Daftari la Klabu

Shangazi Prayong mpendwa,

Nimeanza barua hii mara nne na mara nne nimeichana, maana sijui nianzie kwenye uongo wangu au kwenye kosa la mtu mwingine, kwa hiyo naanzia kwenye tarehe, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika tarehe, nina kijitabu cha kumbukumbu za kila siku tangu nilipomaliza sekondari na sijaruka siku isipokuwa zile tatu za msiba wa mama. Naomba unisome hadi mwisho hata kama utanigombeza kama unavyowagombeza wengine gazetini, kwa kuwa hapa mjini Phichit hakuna mtu ninayeweza kumwambia haya bila kumvunjia mwingine heshima.

Nina miaka thelathini na tisa, sijaolewa, na kazi yangu ni kutarizi majina ya wanafunzi kwenye mashati ya shule, katika duka la shemeji yangu. Jumapili ndiyo siku yangu. Kwa miaka kumi na moja sasa kila Jumapili napanda ngazi kwenda chumba cha juu ya duka la tambi karibu na stesheni, ambako tunacheza mchezo wa kupanga herufi za Kiingereza ubaoni. Kila mmoja anachomoa vibao saba vya herufi kutoka mfukoni, anatunga neno, anahesabu pointi, anabonyeza saa, na zamu inakuwa ya mwenzake. Herufi za kawaida zina pointi chache, ngumu kama Q na Z zina nyingi. Nikuambie ukweli Shangazi, Kiingereza hatukijui. Mwaka jana mzungu mmoja alishuka kwenye treni akapanda ngazi kutuuliza kitu, na sisi sote wanne tuliokuwepo, kila mmoja na maneno elfu kadhaa ya Kiingereza kichwani, tulikimbilia jikoni kwa muuza tambi tukamwacha mgeni wa watu peke yake na ubao. Maana ya maneno hatujifunzi. Kwetu neno ni kama namba ya simu, unaikumbuka au huikumbuki, hakuna anayeuliza namba ya simu ina maana gani.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Bunloet, ana miaka sabini na mmoja, alikuwa mwalimu wa hesabu na mke wake alishafariki. Kamusi ya mchezo ni moja tu mjini, ni yake, na tangu mafuriko yalipoifikia jalada limeachia na kurasa zinachomoka, kwa hiyo inakaa kabatini nyumbani kwake na klabuni tunatumia daftari. Daftari hilo nililiandika mimi. Kwa misimu miwili ya mvua nilikaa kibarazani kwake na kamusi ile nikipekua ukurasa kwa ukurasa, kwanza nikatafuta maneno yote yenye Z popote ilipo, mwanzoni, katikati au mwishoni, kisha yenye J, kisha yenye X, kisha yenye Q, hasa yale machache ambayo Q haifuatwi na U, ambayo kwetu ni dhahabu, kisha yenye irabu nyingi ya kujiokoa nayo mtu anapochomoa irabu tupu. Mtu akibishana na neno klabuni, mimi ndiye ninayeingia chumba cha nyuma, nafungua daftari, narudi nasema lipo au halipo, na hakuna aliyewahi kulikagua baada yangu.

Kuna jambo moja la mchezo huu ambalo lazima ulijue, Shangazi, maana ndilo shimo nililotumbukia. Mtu akiweka neno lisilokuwepo na mwenzake asipopinga, neno linabaki ubaoni na pointi anachukua. Kupinga ni lazima useme kwa mdomo wako, "Napinga," na ukipinga neno likawa la kweli, wewe ndiye unayepoteza zamu. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kulisema neno hilo. Ila kwa miaka yote kumi na moja sijawahi kusikia mtu akimpinga yeye.

Sasa nanakili kutoka kwenye kijitabu changu.

Jumapili tarehe 8 Februari: Mwalimu ameweka "zanjel". Kurasa za Z nimeziandika kwa mkono wangu, nazijua hata lile doa la mchuzi liko juu ya neno gani, na hilo halimo. Nimenyamaza, nikajiambia amelitoa mahali pengine. Nimeshindwa kwa pointi thelathini na moja.

Jumapili tarehe 1 Machi: Ameweka mawili mengine. Baada ya kuweka hakubonyeza saa, ameuweka mkono juu yake akaniangalia mpaka mimi nikainamia vibao vyangu. Ndipo akabonyeza.

Jumapili tarehe 29 Machi: Siku mbaya. Amekuja Bwana Kamthon, karani wa posta aliyehamishwa kutoka Bangkok mwezi huu. Mwalimu amemwekea "quorim". Bwana Kamthon amecheka akasema, "Mzee wangu, huku mikoani mna maneno yenu wenyewe au vipi? Napinga." Wote wamenigeukia mimi. Nimeinuka kwenda nyuma. Nimefungua daftari, halimo, nimelifunga, nimerudi nimesema, "Lipo."

Ya siku hiyo kijitabuni yameishia hapo, lakini yaliyofuata nayakumbuka vizuri. Bwana Kamthon alikutanisha viganja, akamwinamia Mwalimu akaomba radhi, akasema, "Basi kumbe mimi ndiye mshamba," watu wakacheka kwa ahueni na mchezo ukaendelea. Mwalimu hakucheka. Kahawa yake ya barafu ilikaa mbele yake mpaka barafu ikayeyuka yote, hakuigusa. Na mimi nililibeba daftari, nilipofika nyumbani nilichukua kalamu nikaliandika "quorim" kwenye kurasa za Q, mahali palipokuwa na nafasi, kwa mwandiko uleule na wino uleule, ili siku Bwana Kamthon akitaka kujionea mwenyewe alikute. Nilijiambia nimemfunika Mwalimu. Wiki iliyofuata nikaona halitapendeza likiwa peke yake, nikaandika na "zanjel", kisha kila alipoweka jipya nami nikawa naliandika, na sasa yamefika kumi na moja. Au kumi na mawili. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, Shangazi, maana kuna moja kwenye kurasa za J ambalo sikumbuki tena kama nililitoa kwenye kamusi enzi zile za kibarazani au nililitoa ubaoni kwa Mwalimu mwaka huu, nimeliangalia mpaka macho yameuma na limekaa kama neno la kweli. Yote yamekaa kama ya kweli. Ukinipa "zanjel" na neno la kwenye kamusi ukaniuliza lipi lina sura ya Kiingereza zaidi, nitachagua "zanjel". Mwezi wa tano niliwahi kuliweka mimi mwenyewe, nikabonyeza saa, nikachukua pointi, na nilikuwa nimeshashuka ngazi nusu ndipo nilipokumbuka.

Alhamisi tarehe 11 Juni, siku ya kuwaheshimu walimu, nilimpelekea Mwalimu sinia ya maua kama kila mwaka, nikapiga magoti. Aliipokea akaniuliza, "Bado unasoma lile daftari?" Nikasema nasoma. Akasema, "Hujaona kitu?" Nikasema, "Sijaona, Mwalimu." Akaweka maua mezani, akaanza kunieleza habari za kisima cha jirani.

Ningeweza kuishi hivyo, naapa, tungebaki wazee wa chumba kile na maneno yetu ya kubuni na hakuna ambaye angeumia. Lakini yupo Wilaiwan, tunamwita Mot, yaani sisimizi, kwa udogo wake. Ana miaka kumi na saba na mama yake anauza karanga za kuchemsha stesheni. Mtihani wa Kiingereza wa shule alipata thelathini na moja kwa mia, lakini kwenye ubao hakuna anayemweza tena mjini hapa, hata Mwalimu humwambia, "Wewe Sisimizi, unabeba mzigo mkubwa kuliko mwili." Tarehe 8 Agosti anakwenda kwenye mashindano makubwa Bangkok, na chuo kimoja cha Phitsanulok kimesema mwanafunzi wa mikoa yetu atakayeingia nane bora kitampokea bila mtihani. Kwa alama zake, mlango mwingine hana. Mama yake ameshaanza kuwaambia wateja.

Jumapili tarehe 5 Julai nimecheza naye. Ameniwekea "zanjel" juu ya kisanduku kinachozidisha pointi mara tatu, akabonyeza saa, akatabasamu. Nilimuuliza amelitoa wapi. Akasema, "Kwenye daftari lako, dada. Likizo nilikuwa naliazima katikati ya wiki nikalinakili lote, ukurasa kwa ukurasa, imenichukua wiki saba. Sasa nina lote kichwani."

Lote. Na Bangkok hakuna wa kumwonea haya, watampinga, kamusi itafunguliwa mbele ya watu, naye atapoteza zamu kwa neno alilolipata kwangu, labda mara moja, labda mara tano.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia Mot, atauliza maneno yaliingiaje, na nitalazimika kumtaja Mwalimu, na mji huu ni mdogo, itajulikana kwamba Mwalimu Bunloet ameanza kupotewa na akili, mtu aliyetufundisha sote bila kuchukua hata baht moja ya malipo. Nikinyamaza, mtoto anapoteza chuo. Nimefikiri nilitupe daftari mtoni niseme limeibiwa, lakini lilishahamia kichwani mwake. Nimefikiri niifuate kamusi kwa Mwalimu nihakikishe lile la kumi na mbili, lakini nikiiomba atauliza ya nini. Sijui hata kama ninamlinda yeye au ninajilinda mimi. Usinitaje jina. Mwalimu hasomi gazeti lenu, hununua lile la Kiingereza asilolielewa akalipigia mistari, lakini wengine wanasoma.

Mimi,
Mwenye Daftari, Phichit
Tarehe 13 Julai

*

Mwenye Daftari,

Majina nimeyabadilisha yote, na nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta wiki moja na nusu kabla ya gazeti, kwa sababu watu wa mji wako wakilisoma hapa watajua ni chumba kipi hata ningekiita ikulu. Nataka wakati wanasoma, uwe umeshamaliza kazi ninayokupa.

Kwanza nikugombeze, ili tuendelee. Kunyamaza tarehe 8 Februari ni adabu ya kawaida, hata mimi ningenyamaza. Kusema "lipo" tarehe 29 Machi ni uongo, lakini ni uongo wa kushtukizwa, mbele za watu, nami siwezi kukuhukumu sana. Ila kwenda nyumbani, ukakaa, ukachukua kalamu yenye wino uleule! Hapo hukuwa umeshtuka. Na ulirudia mara kumi. Karani wa watu ameomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda na wewe ukaenda kulala. Mtu asiye na mpangilio asingeweza kufanya uharibifu nadhifu kama wako.

Haya, nimemaliza. Sasa tusikilizane.

Unasema umechanganyikiwa. Nimeisoma barua yako mara tatu na naona kijitabu chako hakijachanganyikiwa hata kidogo, wewe tu ndiye unayekiandika bila kukisoma. Angalia mwenyewe. Tarehe 1 Machi mzee anaweka neno, hakimbilii kubonyeza saa, anaweka mkono juu yake na kukuangalia wewe, mwandishi wa daftari, mpaka unainama. Tarehe 29 anapinga mgeni, wewe unarudi na kusema neno lipo, na mtu aliyeshinda ubishi anashindwa kunywa kahawa yake. Mwezi wa sita umepiga magoti mbele yake na anakuuliza kwa Kithai safi kama hujaona kitu.

Mwanangu, huyo ni mtu anayejificha?

Mimi niko Bangkok, si daktari, na mchezo wenu siujui. Siwezi kukuambia kama Mwalimu anasahau, au macho yamechoka, au alianza kwa kuwajaribu ninyi wanafunzi wake. Ninachokijua ni kwamba alikuuliza. Alimchagua mtu mmoja katika mji mzima anayeweza kumjibu, na huyo mtu akamwambia, "Sijaona, Mwalimu." Ndipo akazungumzia kisima. Kama kweli akili inamponyoka, basi analijua hilo kuliko wewe, na analijua akiwa peke yake, nyumbani, bila mke, na kila Jumapili anapanda ngazi zile kuona kama leo kuna atakayemwambia. Mnaita heshima. Mmemwacha peke yake na ubao kama yule mzungu wenu.

Sasa uliza swali lako tena. Ulidhani ni lazima uchague kati ya mzee na mtoto. Hakuna cha kuchagua, ni kazi moja ina milango miwili, na mlango wa mtoto unafunguliwa leo.

Leo hiihii, duka likifungwa, nenda stesheni umwite Mot kando. Usimweleze habari za akili ya mtu. Mwambie hivi: "Kwenye daftari langu kuna maneno kumi na mawili niliyoyaandika bila kuyatoa kwenye kamusi. Kosa ni langu. Haya hapa." Umpe kwenye karatasi, na lile la kumi na mbili pia liwemo, maana neno lenye shaka lisibebwe kwenda mashindanoni. Akikuuliza yalitoka wapi, mwambie yalitoka kwenye mkono wako, kwa sababu ni kweli. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, wiki saba za likizo si mchezo. Kuanzia siku utakayopata barua hii ana zaidi ya wiki mbili za kuyafuta kichwani, na mtoto aliyemeza daftari zima kwa wiki saba hatashindwa kutapika maneno kumi na mawili. Na Bwana Kamthon umwombe radhi wewe, si kwa barua, kwa mdomo, pale posta, ukiwa umesimama kwenye foleni kama watu wengine.

Daftari usilitupe mtoni. Wewe ni fundi wa majina. Ukitarizi jina lisilo lake kwenye shati la mtoto, hulichomi shati wala humpi avae hivyohivyo ukitumaini wenzake hawatasoma. Unafumua uzi. Kwa hiyo chukua wino mwekundu, kila neno ulilopachika ulipige mstari, na pembeni uandike tarehe uliyolipachika. Tarehe unazo.

Kisha Jumamosi, kabla ya Jumapili ya klabu, nenda kwa Mwalimu. Nenda peke yako, nenda asubuhi akiwa hajachoka. Usibebe maua. Usibebe matunda. Ukibeba zawadi tu utajikuta unapiga magoti, na ukishapiga magoti nakujua, utasema hujaona kitu. Beba daftari. Akiwa na binti au mpwa aliye karibu, mwandikie huyo baadaye aje ampeleke hospitali, lakini hilo ni baada ya nyinyi wawili kuzungumza, si kabla, na si nyuma ya mgongo wake.

Najua utafika kibarazani ukose maneno. Utaanza kuzunguka, utauliza habari za mvua, utasifu mimea yake, na yeye atakujibu kwa upole na mtapoteza asubuhi nzima mkioneana haya. Ndiyo maana nakupa la kusema, na wala si langu, ni la kwake. Alikufundisha miaka kumi na moja iliyopita, na mpaka leo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyemheshimu kiasi cha kumrudishia.

Kaa mahali palepale ulipokaa misimu ile miwili ya mvua. Fungua kurasa za Z. Weka kidole kwenye neno, mwangalie usoni, usiinamie chochote, na useme:

"Mwalimu, napinga."

Kisha msubiri ainuke akalifungue kabati la kamusi.

Shangazi Prayong